Siku Mokaya Alipokuja na Satini

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka mimi hutabasamu kwanza, kisha macho hunilenga machozi. Ilinijia jana, nilipokuona ukiigeuza albamu yako kifudifudi nilipoingia, ile yenye wanaume wa nywele zilizotimka na wanja machoni. Ukaniambia kwa haya kuwa muziki wenyewe unaitwa glam metal. Usinifiche. Waliouzaa muziki huo niliwajua kabla hujazaliwa.

Ilikuwa miaka ya sabini. Mimi nilikuwa msichana wa kuolewa, nyumbani kwetu Gesima, na kaka yangu Mokaya alikuwa fundi cherehani mjini Kisii, katika duka la mama mmoja Mhindi. Kijana wa mama huyo aliuza santuri chumba cha pili, na hapo ndipo Mokaya alipotekwa. Hakutekwa na sauti kwanza, bali na majalada: wanaume wamevaa satini inayometa, viatu vya soli nene kama matofali, nyuso zimepakwa rangi, wamesimama kama watu ambao hawajawahi kuambiwa waketi. Fundi huona mshono kabla ya wimbo. Kisha akasikiliza. Gitaa za umeme zikalia, ngoma zikampiga kifuani, na viitikio vilikuwa vyepesi hata asiyejua Kiingereza angeweza kuvipokea. Basi, tulikuwa tumempoteza.

Wageni wa posa yangu walikuja kutoka Itumbe Jumapili moja mchana. Baba, ambaye alikuwa mzee wa kanisa, alikuwa amewaketisha uani, chai imemiminwa, maneno yanaanza kwenda vizuri. Ndipo Mokaya akaingia langoni. Suruali ya satini ya zambarau, imebana mapajani na kufunguka chini kama kengele. Nywele juu. Wanja, mwanangu, wanja! Mkono mmoja gramafoni ya betri, kwapani santuri.

Baba mkwe wangu mtarajiwa aliacha kikombe hewani.

"Mokaya," Baba akasema, amesimama, "umekuja kuniaibisha siku ya dada yako?"

"Hapana, Baba. Nimeishona mwenyewe. Nilitaka siku yake ing'ae."

"Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti! Rudi ulikotoka, usikanyage hapa mpaka uwe mtu."

Niliogopa, sikufichi. Niliogopa posa itavunjika, na niliogopa zaidi kwamba Mokaya, nikimjua alivyo, akitoka hatarudi tena. Alikuwa ameshageuka, soli zake zikiyumba kwenye nyasi zenye maji, aliposikia sauti ya Nyanya, mama yake Baba, aliyekuwa ameketi kimya karibu na ukuta.

"Mokaya, nionyeshe hao watu wako."

Akampa jalada. Nyanya aliliangalia kwa muda mrefu, akiwapitishia kidole usoni mmoja mmoja. Kisha akamwambia Baba kwa upole, kama anayemfunga mtoto vifungo:

"Mwanangu, marehemu baba yako alipiga obokano, na unakumbuka zile nyuzi zilivyonguruma kama fahali. Siku niliyomwona mara ya kwanza alivaa ngozi ya mbega, njuga miguuni, uso umepakwa udongo mweupe. Wazee wangu walisema huyo si mtu wa kuoa, ni kinyago. Mimi nikakaa nikamsikiliza. Ndiyo maana wewe upo."

Baba mkwe akakohoa, akasema, "Basi na sisi tusikilize."

Wimbo wa kwanza uliwatawanya kuku. Baba alifumba macho kama mtu anayemeza kwinini. Lakini wa pili ulikuwa wa polepole, gitaa moja na sauti inayokatikakatika, na Nyanya akainamisha kichwa.

"Huyu amefiwa, au ameachwa?" akauliza.

"Ameachwa, Nyanya," Mokaya akajibu.

"Nimejua. Kilio hakina lugha."

Baba mkwe akacheka, akaomba chai nyingine, na posa ikaendelea. Wageni walipoondoka, Baba alimsogelea Mokaya. Akaushika upindo wa ile suruali, akaugeuza ndani nje, akautazama.

"Mshono huu ni wako?"

"Ni wangu, Baba."

"Umenyooka," akasema, akaingia ndani. Kwa Baba, mwanangu, hayo yalikuwa mengi. Mokaya hakuondoka. Ndiye aliyenishonea gauni la arusi, na hadi anazeeka aliziimba zile nyimbo akikanyaga cherehani, Kiingereza chake kikiwa nusu na furaha yake nzima.

Sasa nisikilize. Anayejipamba anaomba atazamwe. Anayeimba anaomba asikilizwe. Usimnyime mtu la pili kwa sababu ya la kwanza. Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza, na wengi hulitukana giza kabla hawajawasha taa. Nawe ukitaka kung'aa, ng'aa, lakini pambo ni mlango tu. Atakayeingia akute moto mekoni na mtu wa kumkaribisha. Na siku mwanao atakapokuletea kelele usizozielewa, mpishe kiti, uulize analia nini huyo aimbaye.

Mungu akupe masikio yenye subira, mwanangu. Akupe wa kukutetea mbele za watu, nawe akufanye mtetezi wa wengine, na nyumba yako isikose nyimbo. Amina.