Jino Halitoki

Adeke aliuza mitumba katika soko la Malaba, na wateja waliovuka kutoka Uganda walimsikia kabla ya kumwona. Jino lake la mbele lilipoanza kunuka, aliona watu wakirudi nyuma kila akiwakaribia kuwaita.

Jino hilo lilivunjika ukingo alipoanguka na baiskeli kule Moding, na kliniki moja ya mjini ikaliziba. Mwaka haukuisha kabla palipozibwa hapajageuka rangi ya chai. Ufizi ukavimba, na kila akipiga mswaki damu ikatoka. Wifi yake Everline, aliyeuza viatu kibanda cha pili, alimwambia aling'oe tu. Nyanya zao wa Kiteso waling'olewa meno ya chini wakiwa wasichana, akasema, na bado waliolewa.

"Hao waling'olewa kwa mila," Adeke akamjibu. "Mimi ning'olewe kwa sababu gani?"

Alirudi kliniki. Mhudumu alimtazama harakaharaka, akasema hajui kupiga mswaki, kisha akaandaa sindano ya ganzi ili aling'oe. Adeke akashuka kitini. Mhudumu akamwonya kwamba atarudi akilia.

"Nikilia, nitalilia kwingine."

Akaenda Busia kwa daktari wa meno aitwaye Nerima. Nerima alipitisha ncha ya chuma juu ya jino, na Adeke akasikia inakwaruza. Jino lenyewe ni zima, daktari akamweleza, ila aliyeliziba hakulainisha kazi yake. Vijidudu vya mdomoni hung'ang'ania palipo na mikwaruzo, mahali mswaki haufiki, na vingine huja kujibandika juu ya vya kwanza mpaka vinakuwa utando.

"Kwa hivyo si uchafu wangu?"

"Kupiga mswaki ni kazi yako, dada. Kulainisha ilikuwa kazi yao."

Nerima akatoa kizibo kile, akaweka kipya, akakisugua hadi ulimi wa Adeke ukateleza juu yake. Alimwonya asizembee, kwa kuwa hata penye ulaini vijidudu hurudi kila siku.

Ufizi ulipopona, Adeke alipita kliniki ile, akamwambia mhudumu mbele ya wagonjwa waliongoja, "Jino niko nalo. Ukiziba la mwingine, lisugue."

Rangi ya kizibo haikulingana sawasawa na jino, na Everline akamshauri afunike mdomo akicheka. Hakufunika. Siku ya soko alipanda juu ya robota la nguo, akaita wanunuzi kwa sauti yake yote, na aliyetaka kulitazama jino akalitazama.