Kaseti Isiyoandikwa Kitu

Wiki iliyopita nilirudi Winson Green, mtaa niliokulia, msibani. Jirani yetu wa zamani, mama wa Kikurdi aliyekuwa akitupitishia mikate ya moto juu ya ukuta wa nyuma, amefariki. Mjukuu wake alinifungulia mlango, akanitazama, akaniuliza kwa Kiingereza kama mimi ndiye yule wa kwenye kaseti. Nilidhani jambo lile limeshasahauliwa.

Nilikuwa na miaka tisa. Bibi yangu kule Unguja hakujua kusoma, basi sisi hatukumwandikia barua, tulimrikodia. Akipatikana msafiri, mama hufunga milango, tukazungumza mbele ya redio ya kaseti mmoja mmoja. Siku ile redio yetu ilikuwa mbovu na msafiri anakuja saa kumi, kwa hiyo jirani akatuazima yake. Ndani mlikuwa na kaseti isiyoandikwa kitu. Kwetu kaseti ya namna hiyo ni tupu. Nikabonyeza.

Nikamwamkia bibi, nikamsimulia baridi, shule na jino langu lililong'oka, nikamwimbia na kasida nzima ya chuoni, kule tunakosoma Kurani. Niliporudisha kusikiliza, sauti yangu ilikwisha, akaingia mwanamume akiimba peke yake bila ngoma wala ala yoyote. Nilijua palepale nimefanya nini.

Mama aliizima redio.

"Nenda kamwambie mwenyewe," alisema. "Na usiseme sorry halafu ukakimbia. Ukae."

Msafiri aliondoka mikono mitupu siku ile.

Jirani alinisikiliza amesimama, unga mikononi. Yule mwimbaji alikuwa kaka yake. Kwao, enzi za ujana wake, wimbo wa Kikurdi uliweza kuleta askari mlangoni, ndiyo maana kaseti zao hazikuandikwa kitu. Kaka alichukuliwa, hakurudi. Sauti yake ilibaki humo tu. Nilingoja kofi. Alikung'uta unga mikononi, akakaa kitini, kisha akasema kwa Kiingereza chake cha kuungaunga: "Wewe umekula mwanzo. Sasa wewe utaubeba."

Basi kila Jumamosi, nikitoka chuoni, nilikaa jikoni kwake kwenye harufu ya biringani za kuchoma, nikifundishwa ule mwanzo mstari kwa mstari. Nikikosea, anagonga meza kwa kijiko, tunaanza upya. Ulikuwa umejaa majina ya vijiji vyao, vijiji ambavyo serikali ilivibandika majina mengine, na hakuniruhusu kuruka hata kimoja. Nilizichukia Jumamosi zile, nakwambia kweli. Wenzangu walikuwa nje wanacheza.

Jikoni mle sasa mna makabati mapya, na wajukuu wanakisikia Kikurdi ila hujibu kwa Kiingereza, kama wanangu na Kiswahili. Hakuna aliyeujua mwanzo wa ule wimbo. Mjukuu alileta redio ileile, akaisogeza kaseti hadi pale sauti yangu ya utoto inapokwisha, akaweka kidole juu ya kitufe, akanisubiri niuimbe. Nikaimba kijiji kwa kijiji, nikiogopa kijiko ambacho hakipo tena. Nikalitaja jina la mwisho. Mjukuu akabonyeza, na kaka mtu akapokea kutoka ndani ya kaseti.