Yule Mama wa Mwiko

Enzi zetu, sisi tuliokulia huku ughaibuni, kwenye maghorofa ya Crystal, kabla simu hazijawa na jibu la kila kitu, ukitaka kuelewa wimbo ulimtafuta mtu. Binti yangu hamtafuti mtu. Mwite kwa Kiswahili, atakujibu kwa Kiingereza, macho kwenye simu, utadhani umemkatizia kikao cha mawaziri.

Tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu Juma. Tulicheza rede koridoni kwa mpira wa soksi, buti za theluji zikichuruzika mlangoni, nyumba nzima ikinukia kisamvu cha friza. Mama alifariki Morogoro nikiwa na miaka minne, Juma bado ananyonya, ndipo baba akatuleta huku. Picha ya mama haikutundikwa ukutani, wala jina lake halikutajwa. Baba alikuwa mtu wa "kuleni, chakula kinapoa", basi.

Jirani yetu Gabori, mtoto wa Kihungaria, ndiye aliyetuazima CD ya marapa wa kwao. Marapa hao, alitueleza, wanaigiza ubabe: sauti ya kutisha, midundo mizito, kumbe wanachojisifia ni upuuzi mtupu. Hatukuambulia neno, lakini tulikariri kila mstari, kofia tumezigeuza nyuma.

Jumamosi moja mchana baba akatukuta tunafoka. Tulijua tumekwisha. Badala yake aliketi sakafuni na sare yake ya kazi, akacheka mpaka akafuta machozi. Ujanani alisomea udaktari wa mifugo Hungaria, lugha alikuwa nayo. Akaanza kututafsiria. Jambazi wa wimbo huu, alisema, anatetemesha mji mzima, lakini nyumbani kuna mama mmoja mfupi anayemfukuza na mwiko: "Ingia na matope yako hayo, ulale na kuku!" Jambazi anapiga magoti, anadeki, anasugua masufuria.

Tulicheka hadi mbavu zikauma. Kila Jumamosi tuliomba yule mama wa mwiko, na kila Jumamosi alikuja na vituko vipya. Mara anaficha sukari kwenye debe la unga, mara anakosea maneno ya kwaya makusudi ili mchungaji akohoe. Wimbo ni uleule mmoja, wala hatukujiuliza.

Baba tumemzika majira haya ya baridi. Nilipokuwa napanga vitu vyake niliikuta nakala ya CD ile, nikaipiga kwenye redio yake. Binti yangu akaisogeza simu yake isikilize na kutafsiri. Haikuchukua hata dakika.

"Mama, hakuna lady yeyote hapa," alisema. "Ni gangster anagombana na lift mbovu. That's it."

Nikampigia mama mdogo, Morogoro. Nilimuuliza ni nani aliyezoea kusema ingia na matope yako hayo, ulale na kuku. Naye akaniuliza:

"Nani kakwambia maneno ya dada?"

Siku hizi tafsiri ni ya papo hapo, na ni ya kweli. Yetu ilikuwa ya uongo, tena ya Jumamosi kwa Jumamosi, na naililia. Namkumbuka Juma, ambaye hata sura ya mama hakuijua, kajifunga taulo kichwani, kashika mwiko, anatuigizia. Mimi nagaagaa kwa kicheko. Baba peke yake ndiye ameacha kucheka. Anamtazama sana, kisha anamrekebisha taratibu:

"Hapana, mwanangu. Mkono mmoja uwe kiunoni."