Sanduku la Fundi Barazani

Tulikuwa mafundi wawili kwenye baraza ya duka la nguo mjini Bagamoyo, kila mtu na cherehani yake. Mimi nilikuwa mtoto wa pale pale. Nikiudhiwa, naenda zangu kwa mama kula. Mwenzangu aliletwa kutoka Bara Hindi na tajiri wetu, ambaye ndiye aliyemdhamini serikalini. Pasipoti yake na kibali vilifungiwa kwenye saraka, na ufunguo ulikaa shingoni mwa tajiri. Bila karatasi zile mwenzangu hakuweza kutafuta kazi kwingine. Hata kufika Mapinga, hapo jirani tu, aliogopa.

Tajiri aliijua hofu hiyo, akaifanya mchezo wake. Kila Ijumaa alimpandisha mwenzangu kwenye mizani ya korosho, aone kama wali anaomlisha unaliwa kupita kiasi. Kifungo kimoja kikikaa upande, alilitoa sanduku la bati la maskini yule, akalibwaga barazani na kupiga kelele mtaa mzima usikie: "Huyu kesho namrudisha kwao! Meli inamngoja!" Jioni mwenzangu alilirudisha ndani mwenyewe. Mara za mwanzo nilicheka. Naona haya mpaka leo.

Zikabaki siku chache Idi ifike, kanzu za nusu ya mji ziko mikononi mwetu, sanduku likabwagwa tena. "Kesho meli!" Hasira zikanipanda. Nikaenda nyumbani nikamwambia mama, "Fundi mwenzangu anasafiri kesho. Tajiri mwenyewe katangaza." Sikutia chumvi hata punje.

Mama hakuhitaji zaidi. Kwetu mtu hasafiri kimyakimya kama mwizi, huagwa. Asubuhi baraza ikajaa. Huyu kaleta mikate ya kumimina ya njiani, huyu anaomba radhi kwa lolote alilomkosea, na wengine wanadai vitambaa vyao kabla msafiri hajaondoka. Mama akamwombea dua ndefu. Mwenzangu hakuwa Mwislamu, lakini dua ya safari haichagui. Alinitazama kwa mshangao, nikamkonyeza.

Tajiri akatoka, jasho linamtiririka. "Jamani, yale yalikuwa maneno tu!"

"Maneno tu, baba?" mama akauliza. "Mtaa mzima tumekusikia. Au ulisema uongo, na mwezi wenyewe huu mtukufu?"

"Hapana, mama, uongo sikusema..."

"Basi mpe karatasi zake. Atapandaje meli mikono mitupu?"

"Mpe!" watu wakaitikia.

Tajiri akavua ufunguo shingoni. Mwenzangu akazipokea karatasi kwa mikono miwili, akalisoma jina lake, kisha akazitia mfuko wa ndani wa koti lake. Mfuko ule sikuwahi kuuona. Uzi wake ulikuwa umeshapauka. Aliushona zamani, akangoja.

Halafu akaketi, akavuta kanzu, akaanza kushona.

"Na safari?" mama akamuuliza.

"Kanzu zenu kwanza, mama."

Tajiri akanyoosha mkono. "Basi lete karatasi nikutunzie."

"Ahsante, tajiri. Nitazitunza mwenyewe."

Sanduku lilikaa pale barazani mpaka adhuhuri, kisha tajiri akalibeba mwenyewe, akalirudisha ndani.