Uwanja Wenye Mlango Mmoja

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa fimbo ndefu iliyopakwa rangi nyekundu na nyeupe, nikaambiwa nikasimame nayo kando ya barabara ya Meru mjini mpaka nipungiwe mkono. Nilisimama karibu saa nzima. Askari wawili walikuja wakaniuliza pasi, nikawaonyesha, wakaondoka, kisha wakarudi kuiuliza tena. Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa muda si mrefu, na sisi watu wa Embu, kama Wameru na Wakikuyu, hatukuweza kutoka wilaya moja kwenda nyingine bila karatasi hiyo. Nilikuwa mzaliwa wa Kanja, nimetoka shule ya misheni na cheti changu, na niliogopa kuiweka pasi mfukoni isije ikalowa jasho. Kwa hiyo niliishika kwa mkono mmoja, na fimbo kwa mkono mwingine.

Fimbo ile tuliiita stafu. Mpimaji husimama mbali akiwa na darubini iliyolazwa sawa kabisa, ambayo sisi tuliiita levo, akasoma namba kwenye stafu, na hapo hujua ardhi imepanda au imeshuka kiasi gani. Nyinyi vijana mnaopima kwa satelaiti mtaona ni mchezo wa watoto, lakini barabara zote mnazopitia kutoka Meru kwenda Embu zilipimwa hivyo. Aliyenifundisha ni Mchoraji Mkuu wa idara ya ujenzi, Mgoa mwenye miwani minene aliyekunywa chai bila sukari. Aliniambia, "Njeru, andika namba unayoiona. Usiandike ile unayodhani mimi naitaka." Nilikaa chini yake miaka miwili, nikajifunza kupima, kisha kuchora kwa wino.

Kituo changu cha pili kilikuwa Embu. Nilihamishwa kwa sababu Mhandisi wa wilaya alikuwa ameomba mchoraji, na aliomba mchoraji kwa sababu serikali ilitaka uwanja wa michezo.

Mhandisi huyo alikuwa Mzungu mzee, mpole, aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu. Juu yake alikuwepo Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya, ambaye kila jambo la wakati ule lilipita mkononi mwake. Bwana Shauri alitaka uwanja wenye jukwaa la kuezekwa kwa ajili ya wageni wakubwa, na alitaka ulipwe na baraza la wilaya kwa sesi. Sesi ni ule ushuru mdogo uliokatwa kila gunia la mahindi au kila mbuzi alipouzwa sokoni. Ilikusudiwa kujenga zahanati, madaraja na visima.

Nilikaa nyuma ya chumba siku baraza lilipojadili jambo hilo, nikiwa nimeshika michoro. Diwani wa Siakago, mzee wa Kimbeere aliyevaa koti refu la jeshi, alisimama akauliza polepole. "Mbuzi zetu zinalipa sesi Siakago. Uwanja uko Embu. Mtu wetu akitaka kuja kutazama mpira anahitaji pasi. Sasa sisi tunanunua nini?"

Bwana Shauri alijibu kwamba wananunua amani, kwa sababu kijana anayecheza mpira haendi msituni kujiunga na wapiganaji. Akaongeza kwamba viingilio vya mlangoni vitarudisha gharama yote. Wakapiga kura kwa kuinua mikono. Gadi, askari wa serikali wa vijijini, wenye bunduki walikuwa wamesimama mlangoni, na sikuona mkono uliobaki chini kwa muda mrefu.

Kesho yake Mhandisi alinipa kazi ya kuangalia kama viingilio vitatosha. Niligeuza hesabu kila upande. Uwanja wa wilaya hutumika siku chache tu kwa mwezi, lakini nyasi huota kila siku, na mlinzi hula kila siku. Viingilio havikutosha kumlipa hata mkata nyasi. Tena paa la jukwaa peke yake lilikuwa linameza zaidi ya nusu ya fedha zote, na wangekaa chini yake watu wachache, wakati watu wengine wote wangesimama kwenye tuta la udongo. Nilimpelekea karatasi. Aliisoma, akaikunja, akaitia kwenye droo. Hakuniambia nimekosea.

Mchoro wa kwanza wa uwanja niliouchora kwa wino ulikuwa na milango minne. Mhandisi alinifundisha sababu yake. Uwanja haupimwi kwa watu wanaoingia, kwa maana huingia mmoja mmoja wakiwa na furaha. Unapimwa kwa watu wanaotoka wote pamoja wakiwa na hofu. Nilimpelekea Bwana Shauri mchoro ule ofisini kwake. Akachukua penseli nyekundu akakata milango mitatu.

"Mlango moja," alisema kwa Kiswahili chake. "Na seng'enge kuzunguka yote. Mimi nataka kujua nani naingia na nani natoka."

Nikasema, kwa sauti ndogo, kwamba Mhandisi alikuwa na wasiwasi juu ya kutoka.

"Wewe iko kazi ya kuchora," alinijibu. "Chora."

Nikachora. Mstari ule wa seng'enge niliuvuta mwenyewe, ukanyooka. Nilifurahi tu kutoka mle ofisini salama.

Ardhi yenyewe ilikuwa kwenye mteremko chini ya mji, kwa hiyo ilibidi tukate upande wa juu na kujaza upande wa chini. Udongo wa kujaza una sheria yake. Unamwagwa tabaka jembamba, unanyunyiziwa maji, unashindiliwa mpaka ugumu, ndipo unamwaga tabaka jingine. Ukiharakisha, tuta linaonekana zuri lakini ndani limekaa kama mkate. Wafanyakazi walikuwa kina mama walioletwa kwa lazima kutoka vijijini, na mahabusu wa kambi ya kizuizini walioletwa asubuhi kwa lori na kurudishwa jioni. Wanyapara waliwahimiza kwa viboko, maana siku ya kufungua ilikuwa imekwisha kupangwa.

Wiki ya tatu, kati ya mahabusu wale, nilimwona kaka yangu Ireri.

Alikuwa amekamatwa Kanja zaidi ya mwaka mmoja kabla, na hatukujua yuko kambi gani. Alikuwa amekonda, amenyolewa kichwa, amebeba karai la udongo begani. Alinitazama. Mimi nilikuwa nimevaa soksi ndefu na kofia, na mfukoni mwangu kulikuwa na pasi, iliyoandikwa kabla hajakamatwa, iliyosema kwamba familia yangu haina shaka. Kuzungumza na mahabusu lilikuwa kosa la kumpeleka mtu kambini. Niligeuza uso wangu nikaanza kusoma levo ambayo haikuwa imeelekezwa popote.

Siku kadhaa baadaye alikuja mwenyewe. Nilikuwa nimepiga magoti nikipigilia kigingi juu ya tuta la chini, naye akapita nyuma yangu na karai, akasema kwa Kiembu bila kusimama, "Humu ndani tumejaza visiki na migomba. Nyapara alituambia tujaze haraka. Usimweke mtu juu yake mvua ikija." Akaendelea kutembea.

Sikulala vizuri tangu hapo. Nikisema, nitaulizwa nimejuaje. Nikitaja visiki, kundi lile lote litashtakiwa kwa kuharibu kazi ya serikali, na wakati ule watu walinyongwa kwa makosa yasiyozidi hayo sana. Nikinyamaza, tuta litabeba watu wa tarafa nzima. Nilifanya jambo moja tu nililolijua. Nilipigilia vigingi kila hatua kumi juu ya tuta, nikavipima kila Jumatatu. Mvua za kwanza zilipoanza, vigingi vilishuka upana wa kiganja, na vile vya pembeni vikaanza kuinama kuelekea nje.

Nilimpelekea Mhandisi namba zile. Aliniuliza sababu. Nikamwambia sijui, nimepima tu. Akainuka, akafunga mlango wa ofisi.

"Mimi sitakuuliza tena," alisema. "Nikiandika kwamba ndani kuna uchafu, wale watu wamekwisha. Unajua?"

"Najua, bwana."

Alikwenda kwa Bwana Shauri kuomba tuta lile libaki tupu siku ya kufungua. Akakataliwa, kwa sababu lilikabiliana na jukwaa na wageni walitaka kuona umati. Akaomba mlango wa pili. Akakataliwa. Aliporudi aliketi akaniambia nichore mfereji wa maji ya mvua mwishoni mwa tuta, upite chini ya seng'enge na kutoka nje. Nikamuuliza upana wake. Akasema, "Lori lipite."

Ndivyo tulivyofanya. Kwenye karatasi ulikuwa mfereji. Kwa macho lilikuwa pengo kubwa kwenye seng'enge, na Bwana Shauri alipoliona aliamuru lizibwe siku ya kufungua. Mhandisi akasema ataegesha lori hapo. Lori lilikuwa la Hamisi, Mwislamu wa Meru mjini aliyetuletea mawe na changarawe, mtu mtulivu aliyezungumza Kiswahili cha kunyooka kuliko sisi sote. Nilimwambia asitoke kwenye usukani mchana wa kufungua.

Siku ilipofika, watu walijaa. Bendi ilipiga, wageni wakaketi chini ya paa, na timu ya Meru ikaanza kucheza na timu ya Embu. Mimi sikuutazama mpira. Nilikuwa nikitazama mawingu juu ya mlima Kirinyaga na miguu ya watu juu ya tuta. Mvua ilinyesha kipindi cha pili, mvua nzito ya kwetu. Kisha nikaona watu wa safu ya nyuma wakishuka wote kwa pamoja, kana kwamba wamekaa, na tuta likafunguka.

Kelele zilizotoka hapo gadi wa mlangoni walizisikia kama shambulio. Wakafunga mlango.

Nilikimbia hadi kwenye mfereji. Watu walikuwa wamekwisha kufika wakisukumana kwenye bodi ya lori, na gadi mmoja alikuwa amemwelekezea Hamisi bunduki akimwambia asisogee bila amri. Nikamwita Hamisi, nikamwambia atoe gari. Hamisi alimwinamia yule gadi dirishani, akasema taratibu, "Afande, tangi la petroli liko hapo miguuni pako. Watu hawa wakiligandamiza gari na risasi ikatoka, mimi na wewe ndio wa kwanza kuungua. Nipe njia niliondoe."

Gadi akatazama chini. Akarudi nyuma hatua mbili. Hamisi akatia gia, lori likatoka matopeni likinguruma, na watu wakapita. Walipita kwa dakika nyingi, wamejaa tope, wengine wamebebwa. Wapo waliovunjika miguu na mikono, lakini hakufa mtu pale kwenye tuta wala kwenye mfereji.

Alikufa mmoja kwenye mlango. Alikuwa mama wa Kanja aliyeitwa Marigu, muuza ndizi. Alibanwa kwenye mbao zilizofungwa. Nilimjua. Shamba lake lilipakana na la shangazi yangu.

Kesho yake mahabusu waliletwa kufukua, na visiki vikatokeza mbele ya kila mtu. Ireri alikuwepo. Nilidhani ndio mwisho wao. Bwana Shauri alituita ofisini, mimi na Mhandisi, akaweka mchoro mezani akauliza nani alichora mfereji mpana kama barabara.

"Ni kazi yangu," Mhandisi alijibu. "Sahihi yangu iko hapo." Kisha akatoa ripoti yake. Ilisema kwamba tuta lilianguka kwa sababu ya mvua isiyo ya kawaida. Haikuwa na neno visiki. Bwana Shauri alikuwa na wageni wakubwa wa kuwaeleza, na nadhani mvua ilimfaa yeye pia. Akaipokea.

Mhandisi alirudishwa kwao kabla ya mwaka wake kwisha. Tuta lilijengwa upya, na ili lijengwe sesi ilipandishwa, hivyo diwani wa Siakago akalipia uwanja ule mara ya pili. Mfereji ulifukiwa. Miezi michache baadaye watu wa vijiji vitatu walikusanywa mle uwanjani kuhojiwa, siku mbili kwenye jua, na mama yangu alikuwa miongoni mwao. Seng'enge niliyoichora ilifanya kazi yake vizuri.

Mimi nilipelekwa kwenye barabara za Isiolo, baadaye Nyeri, baadaye Nairobi. Baada ya Uhuru nilifanya kazi kwenye viwanja vingine, nikiwa sasa mkuu wa ofisi ya michoro, na niliona mambo yaleyale kwa sura nyingine. Kila aliyekuja na fedha za umma alianza na paa la wageni, na kila mmoja aliahidi kwamba viingilio vitarudisha gharama. Nilibishana nao juu ya milango mpaka wakaniita mkaidi. Mara nyingine nilishinda.

Uwanja ule wa Embu haupo tena, pamejengwa nyumba. Ireri alitoka kizuizini, akalima kahawa, akafa mzee. Hakuwahi kunilaumu kwa kugeuza uso. Mimi ndiye niliyelitaja jambo hilo, tukiwa wazee wote wawili. Alisema tu kwamba alikuwa akiomba nisimwangalie, kwa sababu nyapara alikuwa nyuma yake. Sijui kama ilikuwa kweli au alinihurumia.

Habari za Mama Marigu sikumwambia mtu kwa miaka mingi. Ningekataa kuuchora mlango mmoja, angeuchora mwingine, hilo nimejiambia mara nyingi, na ni kweli. Lakini aliyeuchora ni mimi.

Sasa nimestaafu, naishi mtaa wa Majimbo na mke wangu. Jumapili tunakwenda kanisani mapema, tunakaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango. Mvua ikianza kupiga mabati wakati wa mahubiri, mimi husimama taratibu nikaenda kuufungua, nikaegemeza kiti usijifunge. Vijana wa kanisa huuliza kama mzee anasikia joto. Mke wangu huwajibu kwamba ndiyo, mzee hupenda hewa.