Pua ya Shangazi

Shangazi yangu alilipwa mshahara kwa kunusa. Gesi ya kupikia haina harufu yake yenyewe. Kiwandani hutiwa dawa yenye salfa, kiasi kidogo tu kwa shehena nzima, inayonuka kama kitunguu kilichooza. Bila uvundo huo, gesi ikivuja jikoni mpishi atawasha kiberiti bila habari. Basi Shangazi alifungua koki kidogo, akafumba macho, akavuta pumzi, akatia sahihi. Wenzake walimwita Pua, naye akaitika.

Jumatatu moja walijaza tangi jipya. Akavuta pumzi, asisikie kitu. Akavuta tena. Hewa ilikuwa laini, tupu, kama ya alfajiri. Daftari lilisema dawa imetiwa kipimo kamili, kwa hiyo akadhani kilichopungua ni yeye. Aliona aibu kusema. Akatia sahihi, na hapo mimi namlaumu mpaka leo.

Alirudi nyumbani jioni akielea, miguu haihisi barabara. Alipita penye maua ya jirani bila kuinama. Aliogopa kuyanusa.

Mumewe ni fundi cherehani. Kwa miaka ishirini na sita, kabla hata ya salamu, alikuwa akiinuka kufungua dirisha mkewe anapoingia. Siku hiyo aliendelea kushona.

"Mbona hufungui dirisha?"

"La nini? Leo hunuki kabisa. Umehamishiwa ofisini?"

Shangazi akasimama katikati ya chumba. Kama dawa ingekuwa na harufu, nguo zake zingenuka. Chuma kipya! Ndani kina kutu changa, na kutu huibadilisha ile dawa, huziunganisha chembe zake mbili mbili, harufu ikafa. Ndiyo maana tangi jipya hushibishwa dawa kwanza. Alilijua hilo tangu usichana wake.

"Si pua yangu!" akasema, furaha na hofu vimemshika pamoja. Akampigia simu msimamizi. "Funga geti! Lisitoke gari hata moja!"

"Lakini Pua, si umetia sahihi mwenyewe?"

"Nimekosea mimi. Funga!"

Malori matatu yalikuwa yameshawashwa injini. Yakazimwa.

Kesho yake walilishibisha tangi, na Shangazi akanusa mpaka machozi yakamtoka. Jioni aliingia nyumbani akivunda. Mumewe akaacha cherehani, akaenda kufungua dirisha, na Shangazi akaangua kilio pale pale mlangoni. Maskini fundi, akadhani amemuudhi, akalifunga tena.