Mpira wa Baisikeli Chini ya Gari la Mzee

Kuna aibu ambazo mtu huzisimulia akicheka, na kuna hii yangu, ambayo nikiianza tu mke wangu hutoka nje kwenda kuangalia kuku, hata kama kuku wameshaangaliwa. Leo ameenda kanisani, kwa hivyo wacha niiseme yote, na mnaotaka kucheka chekeni mapema, maana kule mbele hakuna cha kuchekesha.

Mimi ni Ndung'u wa Matisi, hapa Kitale, nauza misumari na rangi, na nikishafunga duka naingia chini ya magari ya zamani (mke wangu anasema nimelala chini ya magari zaidi ya nilivyolala kitandani kwake, na sijawahi kumbishia). Nilioa Matulo, kule karibu na Webuye. Mkikuyu wa Trans-Nzoia kuoa kwa Wabukusu si ajabu siku hizi, lakini wakwe zangu hawakuruka kwa furaha, hasa Wanyonyi, kaka ya mke wangu, ambaye kwa miaka aliniita "huyo mtu wa Kitale" kana kwamba jina langu lingemchoma ulimi. Aliyenipokea ni Mzee, baba mkwe, na alinipokea kwa sababu ya gari.

Lilikuwa gari dogo la miaka ya sitini, rangi ya maziwa, usukani mwembamba, viti vya ngozi vilivyopasuka kama visigino vya mkulima. Mzee alilinunua alipokuwa karani kule Webuye na hakuwahi kuliuza hata siku alipokosa karo. Alichopenda ndani yake ni ukimya. Alikuwa akisema, "Gari ya mtu mzima haipigi kelele. Watu wakusikie ukisalimia, wasikusikie ukifika." Tulipokuwa tumeinamia injini pamoja mimi na yeye, hakukuwa na Mkikuyu wala Mbukusu, kulikuwa na plagi chafu na watu wawili wanaotafuta kitambaa.

Alipougua sana aliniita mbele ya watoto wake wote, akanipa funguo, akasema, "Siku yangu ikifika, hii gari itangulie mbele yangu kutoka Bungoma mpaka nyumbani. Na isipige kelele. Umesikia, mkwe?"

"Nimesikia, Papa."

Wanyonyi akaniangalia kutoka juu mpaka chini, akasema, "Haya. Tutaona." Hapo mjue mzigo niliobebeshwa. Nikilifikisha gari kimya, mimi ni mtoto wa pale nyumbani. Nikishindwa, basi wote waliosema huyu si wetu walisema kweli.

Mzee alifariki mwaka wa elfu mbili na tano, mahindi yakianza kukauka shambani. Mwili ungetolewa mochari ya Bungoma Ijumaa, mazishi Jumamosi. Alhamisi asubuhi nikaliwasha gari, ambalo lilikuwa limekaa kwangu miezi kadhaa bila kutembea, na likanguruma kama tinga tinga inayolima mlima. Jirani akatoka nje na mswaki mdomoni. Nikalipeleka polepole kwa Wekesa, fundi wa kuchomelea vyuma, akaingia chini, akagonga hapa na pale, akatoka na kutu kwenye nyusi.

"Ndung'u bana, hii sailensa imekwisha. Ukiigusa na kidole, kidole inaingia. Paipu pia imeoza. Niachie mpaka Jumatatu nikutengenezee ekzosi yote mpya, mbele mpaka nyuma."

"Jumatatu Mzee atakuwa udongoni."

"Basi enda na gari ingine."

"Haiwezekani."

"Na hii shimo kwa floor, hapa chini ya kiti ya nyuma, umeiona? Moshi haina adabu, itapita hapo iingie ndani. Si nimekuambia?"

Aliniambia. Siwezi kusema hakuniambia. Ningeweza pia kumpigia Wanyonyi simu nimwambie gari limeharibika, tutafute njia nyingine, na angenicheka siku moja na mambo yangeisha. Lakini niliiona ile "tutaona" yake, na nikaamua kazi hiyo nitaifanya mwenyewe. Uamuzi mdogo tu, wa mtu mmoja amesimama uani na koleo mkononi.

Nikakata kopo kubwa la mafuta ya kupikia, nikalinyoosha, nikaizungushia ile sailensa mahali ilipotoboka, nikakaza na waya wa kufungia nondo za ujenzi, nikapaka gundi ya chuma ya dukani kwangu (ile ninayowaambia wateja inashika mpaka kiama). Raba za kuning'inizia zilikuwa zimekatika, na hapo ndipo nilipochukua mpira wa baisikeli, tyubu iliyozeeka, nikaikata vipande virefu, nikaifunga sailensa juu kwa tyubu. Nani kati yetu hajafunga kitu kwa tyubu? Tunafunga magunia, tunafunga kuku, tunafunga mpini wa jembe, kuna mzee pale Matisi amefunga miwani. Lakini vitu hivyo vyote havichemki, na hilo, mimi mjuaji, sikuliwaza. Lile tundu la sakafuni nikalifunika kwa kipande cha kapeti. Nikawasha. Kimya! Kimya kabisa, hata mimi nilijipenda.

Ijumaa tukashuka mimi na mke wangu, Kiminini, Kamukuywa, Webuye mpaka Bungoma, gari likiimba kama paka aliyeshiba. Tulipofika sikuinama kuangalia chini. Nilikuwa nimevaa suti.

Sasa niwaeleze jambo moja, kwa wale wasiojua. Kule kwa wakwe zangu, mama mkwe na mume wa binti yake hawaonani. Hawasalimiani kwa mkono, hawakai chumba kimoja, wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Hata jina la mwenzake hatamki. Si chuki, ni heshima, na kwa kweli kwetu pia wazee walikuwa na mambo kama hayo. Tangu nioe, Mayi (ndivyo wanavyomwita mama) nilimjua kwa sauti kutoka jikoni na kwa mgongo ukiondoka. Uso wake nilikuwa sijautazama, na yeye wangu vivyo hivyo.

Pale mochari, gari ambalo lingembeba Mayi halikutokea. Pikapu ya jeneza ilikuwa imejaa kule kwa dereva, na waombolezaji wengine walikuwa juu ya lori. Watu wakaanza kunong'ona. Senge, shangazi yake mke wangu, mama mnene asiyependa mambo kukwama, akakata shauri.

"Mjane hapandi rori. Ataingia kwa gari ya mume wake."

"Lakini Senge, dereva ni mimi," nikasema nikiangalia viatu.

"Hii gari si yako, omukhwe. Ni ya mwenyewe. Wewe ni dereva tu, na dereva haangalii nyuma. Leta reso."

Ikaletwa leso pana, tukaitundika katikati ya viti vya mbele na vya nyuma kama pazia, upande huu na upande huu (niliifunga kwa vipande vya ile tyubu vilivyobaki, nilivyojivunia). Nikaenda kusimama mbali, nimegeuka. Mayi na Senge wakaingia nyuma, mke wangu akakaa mbele nami. Tukatoka, gari la Mzee mbele, pikapu ya jeneza nyuma, kisha lori, taa zote zimewashwa, mwendo wa polepole kabisa. Senge akaanzisha wimbo wa kanisani na Mayi akamfuata kwa sauti nyembamba iliyochoka. Nawaambieni nilitaka kulia. Nilijiambia, Papa, unasikia? Hakuna kelele.

Karibu nusu ya safari mke wangu akanusa hewa.

"Baba Shiru, kuna harufu."

"Wanachoma miwa huko mashambani. Fungeni madirisha."

"Miwa haina harufu ya raba."

"Mama Shiru, leo si siku ya kubishana. Mwambie Senge wafunge madirisha huko nyuma, moshi usiwasumbue."

Wakafunga. Mimi niliacha wazi kale kadirisha kadogo ka pembeni ili nisikilize injini, kwa hivyo sisi wa mbele tulipata hewa. Baada ya muda wimbo ukapungua, ikabaki sauti moja, kisha hiyo nayo ikanyamaza. Nikamwambia mke wangu kwa sauti ya chini, "Waache, wamelala kidogo. Wamechoka na kulia." Dereva haangalii nyuma. Na hata ningeangalia ningeona leso.

Tulipokata kona ya kuingia Matulo, watu walikuwa wamejipanga pande zote mbili za barabara, akina mama wa kanisa na vitambaa vyeupe, wazee wamevua kofia, hakuna anayekohoa. Hapo ndipo tyubu ya mwisho ilipokatika. Sailensa ikaanguka nyuma, kopo likafunguka, ekzosi ikaburuta mawe, na injini ikapasua anga. Mtoto akalia, ng'ombe akakata kamba. Wanyonyi akaruka kutoka kwenye pikapu akija mbio.

"Zima hiyo kitu! Zima! Si ulimwambia Mzee haitapiga kelele? Ati fundi!"

Nikazima. Na sasa sikilizeni nilichofanya, maana hiki ndicho kinachonikosesha raha. Sikufungua mlango wa nyuma. Niliona aibu sana hivi kwamba nilichowaza ni kuinyanyua ile ekzosi isionekane, nikalala chali kwenye mavumbi na suti yangu, hapo hapo karibu na mlango wa nyuma, nikavua tai nikaanza kuifunga sailensa kwa tai. Ikaniunguza vidole. Wazee wamesimama wananitazama, jeneza la baba mkwe linangoja, na mimi nafunga chuma cha moto kwa tai.

Kisha nikamsikia mke wangu amevuta leso. "Mayi! Mayi!" Akazunguka mbio, akafungua mlango wa nyuma, na mama mkwe wangu, ambaye sikuwahi kumgusa hata ukucha, akateleza kutoka kwenye kiti akaniangukia kifuani.

Alikuwa mzito, mwili upo na mwenyewe hayupo. Akina mama wakapiga mayowe, lakini wakarudi nyuma badala ya kuja mbele, kwa sababu walichoona kwanza si mgonjwa, ni mama mkwe juu ya mkwe. Sikungoja mtu. Nikamkumbatia, nikainuka naye, nikambeba mikononi mpaka kwenye nyasi ng'ambo ya barabara penye upepo, nikamshikilia kichwa huku nikimpepea kwa koti. Senge alikuwa ametoka mwenyewe akitambaa, anatapika. Nilikuwa nikisema, "Mungu, chukua mimi, chukua hata gari, mwache huyu," kwa sauti, kila mtu akisikia.

Akakohoa. Akafungua macho. Tukatazamana, ana kwa ana, mimi nimejaa masizi na machozi, yeye na macho yale yale ya mke wangu, sikuwa najua ni yale yale. Akanitambua, nadhani kwa ile sauti yangu. Akasema polepole, "Ndung'u, niweke chini." Kisha akavuta kitambaa cha kichwa akajifunika uso.

Gari la Mzee lilisukumwa mpaka nyumbani na wanaume wa kijiji, wakinung'unika, bila injini. Kimya. Wanyonyi alisukuma nao bila kunitazama, na afadhali angenitukana. Mzee akazikwa kesho yake, mimi nikiwa nimesimama nyuma kabisa karibu na ua. Wiki chache baadaye wazee walinitaka nipeleke kondoo ili ile aibu isafishwe, nikapeleka, akachinjwa, maneno yakasemwa, tukaambiwa yameisha. Lakini Mayi hakutoka nje ya nyumba siku ile, na alituma neno kupitia kwa mke wangu: hana ubaya na mtu, ila ile gari asiisikie tena.

Asiisikie. Nilimwachia Wekesa siku alizotaka, akatengeneza ekzosi mpya mbele mpaka nyuma, akaziba sakafu kwa bati, na gari likawa kimya kuliko siku za Mzee mwenyewe. Nikienda Matulo nililiacha kule barabarani nikatembea kwa mguu.

Mwaka jana Mayi naye akatuacha. Mwili ulikuwa mochari ile ile ya Bungoma. Nililiosha gari tangu asubuhi, nikapaka viti mafuta, nikaangalia chini mara tatu, nikakaa uani na simu mkononi, nikisubiri mtu yeyote aniambie nilete gari la Mzee. Simu ililia mara moja, alikuwa mteja anauliza rangi ya kijani. Mke wangu akatoka na kitambaa cheusi kichwani, akanishika bega, akasema, "Baba Shiru, twende, lori inatungoja huko Bungoma."

Siku hizi fundi akiniambia Jumatatu, ni Jumatatu, na dukani kwangu tyubu ya baisikeli sifungii hata mfuko wa sukari. Nimeapa pia kwamba gari ninaloendesha mimi halitafungwa dirisha hata mvua ikinyesha, na anayelowa alowe. Hayo yote ni rahisi. Jambo gumu ni kwamba, miaka yote niliyokuwa mkwe wa pale nyumbani, yule mama alilitaja jina langu mara moja tu, na alilitaja ili nimwachilie.